Breketi Haibebi Spika, Ukuta Ndio Unaobeba

  Mwezi huu nimeamua tuzungumze habari ya spika za kutundika ukutani. Najua baadhi yenu mtasema, "Hayo ni mambo ya akina baba na mafundi, sisi yanatuhusu nini?" Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Nilinyamaza mahali nilipopaswa kusema, na kunyamaza kwangu kulikaribia kuniumizia mtoto. Ndiyo maana naandika, ili lililonipata mimi lisikupate wewe.

YALIYOTUPATA

Huku kwetu fedha huonekana msimu wa korosho. Minada ikianza, kila nyumba ina mipango yake: ada za shule, mabati, godoro jipya. Msimu mmoja mambo yalituendea vizuri kidogo, na baba watoto alirudi kutoka Songea na amplifaya na spika mbili za boksi la mbao, zile ambazo wengine huziweka kwenye rafu ya vitabu. Hazikuwa mpya, lakini sauti yake ilikuwa tamu. Sisi tuliokulia kwenye redio moja ya betri iliyokaa juu ya kabati, watu wa nyumba tatu wakikusanyika kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania, tulijiona tumefika mbali. Siku hizi mmoja anataka TBC, mwingine anataka Radio Maria iliyoanzia pale Songea mwaka 1996, na watoto wanataka nyimbo za kwaya zilizomo kwenye simu. Spika zile ziliwaridhisha wote.

Tuliziweka juu ya stuli mbili, moja kila upande wa meza. Siku ya tatu mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alishika waya akauvuta. Spika ikaanguka sentimita chache kutoka kwenye mguu wake. Hapo tukakubaliana kwamba lazima zipande ukutani. Uamuzi ule ulikuwa mzuri. Kosa lilikuja katika kuutekeleza.

Baba watoto alinunua breketi mbili za chuma, nzito na imara, akamwita fundi kijana. Fundi alikuja na drili yake, akachagua ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha watoto, akatoboa, akakaza skrubu. Kwa muda wa nusu saa kazi ilikwisha, na sebule ikapendeza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukuta ule mimi niliujua. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma. Kuta za nje tulizijenga kwa saruji, lakini tulipofika kwenye kuta za ndani saruji ilikuwa imekwisha na fedha pia, tukaendelea kwa udongo. Baadaye tulipopata fedha tulipiga plasta ya saruji juu yake, na kwa macho ukuta ukaonekana sawa na mingine yote. Maji ya kukorogea udongo ule niliyabeba mimi kichwani, nikiwa na mimba ya miezi minne. Baba watoto alikuwa kazini mchana kutwa, hakuona kila kilichofanyika. Kwa hiyo mtu aliyejua ndani ya ukuta ule mna nini nilikuwa mimi.

Fundi alipokuwa akitoboa niliona vumbi laini likimwagika, na drili ikizama kama kisu kwenye papai bivu. Moyo ulinigusa. Lakini nilijiambia, "Huyu ni fundi, anajua kazi yake," nikaenda zangu jikoni kuchambua mchicha.

Wiki kama saba zilipita bila tatizo. Kisha zikaja mvua za Februari. Jioni moja binti yetu alikuwa amekaa kwenye mkeka, chini kabisa ya spika, akifanya hesabu za shule. Nilimwita aniletee chumvi. Kabla hajanifikia jikoni tulisikia kishindo. Tulipokimbilia sebuleni tulikuta spika, breketi, na kipande cha plasta kikubwa kama sinia, vyote vimelala juu ya daftari lake. Kona ya boksi ilikuwa imetoboa mkeka.

Mungu ashukuriwe kwa ile chumvi.

Baba watoto alisema kwa hasira, "Huyu ni fundi gani!" Nilikaa kimya kidogo, kisha nikamwambia, "Baba watoto, fundi ana kosa lake. Lakini mimi nilijua ukuta ule ni wa udongo, na sikusema." Alinitazama, halafu akajibu taratibu, "Na mimi sikukuuliza."

MZEE ALIVYOTUELEZA

Kesho yake tulimwita mzee mmoja mwashi aliyejenga nyumba nyingi katika mtaa wetu. Baada ya shikamoo na marahaba, aliingiza kidole kwenye moja ya matundu. Udongo ukamwagika kama ulezi.

"Mwanangu," akaniambia, "breketi hii haina ubaya. Breketi ni mkono tu. Mkono hauwezi kubeba kitu kama bega limeoza. Ukitaka kutundika, anza kwa kuuliza ukuta."

Maneno hayo ndiyo somo la mwezi huu. Dukani muuza duka atakuonyesha breketi na kukuambia inabeba kilo 10 au kilo 15. Ni kweli, chuma chenyewe kinabeba. Lakini uzito huo umehesabiwa kwa ukuta mgumu. Katika ukuta wa udongo hesabu hiyo haina maana.

Mzee alitufundisha jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Chukua ndoo ndogo ya maji uishike karibu na mwili wako; utaivumilia. Sasa nyoosha mkono uishike mbali. Bega litalalamika mara moja, ingawa maji hayajaongezeka. Spika juu ya breketi ndivyo ilivyo, kwa sababu haikugusana na ukuta bali imesogea mbele. Chukua mfano wa spika ya kilo 5, ambayo katikati yake iko sentimita 20 kutoka ukutani, na skrubu ya juu na ya chini za breketi zimeachana sentimita 10. Skrubu ya juu itakuwa inavutwa itoke ukutani kwa nguvu ya kama kilo 10, mara mbili ya uzito wa spika yenyewe. Na haipumziki usiku wala mchana. Ongeza mtikisiko wa besi kila muziki unapopigwa, ongeza unyevu wa mvua unaolainisha udongo, nawe utaelewa kwa nini yetu ilivumilia wiki saba kisha ikaachia.

Tangu hapo tumejifunza yafuatayo, nami nakupa kwa mpangilio.

KWANZA: UJUE UKUTA WAKO

Jiulize ulijengwaje. Kama hukuwepo, muulize mwenye nyumba au majirani. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Mlio mzito na mkavu mara nyingi ni dalili njema. Mlio wa kitu kilicho wazi ndani waonyesha kwamba plasta imeachana na ukuta. Tazama nyufa.

Halafu angalia vumbi la drili, kwani vumbi halidanganyi. Kwanza hutoka vumbi la kijivu la plasta, ambayo kwa kawaida ina unene wa sentimita 1 hadi 2. Likifuatia vumbi jekundu na drili inasukumwa kwa nguvu, umefika kwenye tofali lililoiva. Likifuatia vumbi laini na drili inazama yenyewe, upo kwenye udongo kati ya matofali, au kwenye tofali ambalo halikuiva. Nyote mliowahi kuchoma matofali mnajua kwamba yale ya pembeni mwa tanuri hayapati moto wa kutosha. Yanakuwa na rangi hafifu na unaweza kuyakwaruza kwa ukucha. Mahali pa namna hiyo mwambie fundi asimame.

Ukuta wa matofali ya saruji ni mzuri. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji ni mzuri pia. Mahali penye nguvu kuliko pote ni kwenye linta, ule mkanda wa zege wenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha, kama nyumba yako unao. Ukuta wa matofali mabichi, wa matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, au wa miti na fito, usiukabidhi spika nzito hata kama umepigwa plasta na kupakwa rangi ya kupendeza.

PILI: PIMA SPIKA

Usikisie uzito. Ipeleke kwa jirani mwenye duka aiweke kwenye mizani. Spika za boksi la mbao za ukubwa huu nyingi zina kilo 4 hadi 7 kila moja. Vile vispika vidogo vinavyokuja na sabufa ni vyepesi, na mara nyingi vina tundu nyuma la kuning'inizia kwenye skrubu. Hivyo vinatosheka na skrubu moja nzuri katika ukuta mzuri. Lakini sabufa yenyewe ibaki sakafuni. Ni nzito na hutikisika sana, wala haina faida yoyote ukiipandisha juu.

Tazama pia nyuma ya spika. Kama ina tundu kubwa la duara la kutolea hewa, usiibane ukutani. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15, la sivyo besi itavuma ovyo. Na usikubali boksi litobolewe ovyo ili kufunga breketi. Skrubu ndefu yaweza kugusa vitu vya ndani na kuiharibu. Tumia matundu yenye nyuzi aliyoyaweka mtengenezaji, au chagua breketi ya kubana boksi kwa pande mbili.

TATU: UKUTA UKIWA MZURI

Fundi atoboe katikati ya tofali, siyo kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Atumie biti ya milimita 8 na plagi za ukutani za milimita 8, yaani vile vibomba vidogo vya plastiki vinavyotangulia kuingia kabla ya skrubu, na skrubu yenye unene wa milimita 5 na urefu wa sentimita 6 au 7. Plagi ipite plasta yote na kukaa ndani ya tofali. Skrubu ikishika plasta peke yake, ni sawa na kufunga mbuzi kwenye mmea wa mchicha. Katika tofali la kuchoma drili izungushwe bila kupigisha nyundo, kwa sababu mapigo hupasua tofali. Nyundo ya drili ni ya zege. Kabla ya kuingiza plagi, vumbi lote lipulizwe litoke, kisha breketi ipimwe kwa pimamaji ili isiinamie upande.

Msitoboe juu, chini wala pembeni ya swichi au soketi kwa mstari ulionyooka, maana ndiko nyaya za umeme zinakopita ndani ya ukuta. Kama hamna hakika, mwiteni fundi umeme kwanza.

NNE: UKUTA UKIWA WA UDONGO

Hapa ndipo sisi wengi tulipo, wala si aibu. Nyumba ya udongo inayotunzwa vizuri hulea watoto sawa na nyumba nyingine. Ila tusiutwike ukuta mzigo usioweza kuubeba.

Mzee alitupatia njia ambayo tunaitumia mpaka leo. Tulinunua mbao mbili za mninga za inchi 2 kwa 6, ndefu kutoka sakafuni hadi kwenye boriti za dari. Kila ubao ulisimamishwa wima ukiwa umeegemea ukuta. Chini umekalia kipande cha tofali gumu ili usiguse sakafu, na kitako chake kimepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Juu umefungwa kwenye boriti kwa skrubu mbili. Breketi tulizikaza kwenye ubao. Uzito wa spika sasa unashuka chini kwa ubao hadi sakafuni, na ukuta haubebi kitu.

Mninga ni mti mgumu, kwa hiyo fundi alitoboa kwanza tundu jembamba la milimita 3 ili ubao usipasuke, akapaka skrubu sabuni ya kipande, zikaingia bila kulalamika. Mbao tulizipaka rangi ile ile ya ukuta. Wageni wakija hudhani ni mapambo.

Kama fedha ya mbao haijapatikana, subiri. Weka spika juu ya kabati pana lisiloyumba, mbali na ukingo, na waya upite nyuma ambako mtoto hafiki. Si lazima kila kitu kitundikwe.

TANO: JARIBU KWA DUMU LA MAJI

Hili ningependa kila mama alikumbuke, kwa sababu halihitaji ufundi wala fedha. Dumu la lita 5 likijaa maji lina uzito wa kilo 5 hivi, na la lita 10 lina kilo 10. Breketi ikishakazwa, kabla ya kuweka spika, ning'iniza dumu lenye uzito mara mbili ya spika, mwishoni kabisa pa mkono wa breketi. Spika ikiwa ya kilo 5, tumia dumu la lita 10. Chora mstari wa penseli kuzunguka breketi ukutani. Ondoa watoto na vyombo chini yake, liache dumu hadi kesho yake. Asubuhi ukikuta breketi imehama kwenye mstari hata kidogo, au kuna ufa mpya, au kuna vumbi sakafuni, usiweke spika. Dumu likianguka utapiga deki tu.

Sisi tungefanya jaribio hili siku ile ile, tungeyajua yote kabla ya jua la pili.

SITA: WATOTO NA WAYA

Waya usining'inie. Uzibwe kwenye ubao au ukuta kwa vibanio vidogo, kuanzia kwenye spika mpaka nyuma ya meza. Mtoto mdogo akiona kamba huivuta. Ndivyo alivyoumbwa, si utundu. Wakati wa kuunga, waya mwekundu uende kwenye nyekundu na mweusi kwenye nyeusi, kwa spika zote mbili. Mkigeuza upande mmoja, besi itapotea na mtadhani spika ni mbovu.

Spika zipandishwe juu, kama mita 1.8 kutoka sakafuni, zikiinama kidogo kuelekea mnapoketi. Kila spika iwe na waya mwembamba wa chuma wa akiba uliofungwa kwenye skrubu yake ya pekee, ili breketi ikiachia spika ining'inie isifike chini.

Na hata baada ya hayo yote, usitundike kitu kizito juu ya kitanda, juu ya mahali mtoto anapolala mchana, wala juu ya mahali anaposomea. Panga sebule upya kama inabidi. Mkeka huhamishika kwa urahisi.

Kila mwaka mvua zikikatika, pita na kitambaa chako cha vumbi. Shika breketi uitikise taratibu. Tazama kama kuna ufa, vumbi chini, au njia za mchwa kwenye ubao. Ukiona dalili, shusha spika siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno moja kuhusu sauti yenyewe. Kama mtu aliye hatua moja kutoka kwako lazima apaze sauti ndipo umsikie, muziki umezidi. Masikio ya watoto huumia pasipo wao kujua, na ng'ambo ya ukuta yawezekana jirani anauguza mgonjwa.

NAMNA YA KUSEMA

Sasa nirudi kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sisi akina mama ndio tunaokaa na nyumba. Tunajua paa linavuja wapi, mlango upi hukwama masika, ukuta upi hutoa vumbi tunapofagia. Wengi tulibeba maji na mchanga zilipojengwa. Lakini siku fundi anapokuja tunajiona hatuna la kusema, tunakwenda jikoni.

Dada yangu, usiende jikoni. Sema, ila kwa hekima. Usingoje fundi afike ndipo umpinge baba watoto mbele yake, kwa maana hapo heshima itaumia na neno lako halitasikika. Sema usiku uliotangulia, mkiwa wawili: "Baba watoto, kabla fundi hajaja kesho, nataka nikueleze habari za ukuta ule." Mume anayewapenda watoto wake atasikia. Na kama hakusikia mara ya kwanza, omba jambo dogo tu: "Basi tujaribu na dumu la maji kwanza." Ni vigumu mtu kulikataa dumu la maji.

Fundi naye muulize maswali matatu, kwa adabu, hata kama ni kijana wa kukuzaa. Ukuta huu ndani ni wa nini? Skrubu itaingia sentimita ngapi kwenye tofali baada ya plasta? Utaujaribu kwa uzito gani? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, mlipe nauli yake aende. Kwa mama mjane, au yule ambaye mume yuko mbali kikazi, maswali haya ndiyo ulinzi wako.

Jambo la mwisho: tafuta daftari la nyumba. Andika ukuta upi ni wa saruji na upi ni wa udongo, linta imepita wapi, nyaya za umeme zimepita wapi. Kama mnajenga sasa, andika kabla plasta haijafunika. Siku moja wewe hutakuwepo, na mkwe wako atataka kutundika kitu.

Spika zetu bado zinaimba. Binti yetu kwa muda mrefu hakukaa tena upande ule wa sebule, hata baada ya mbao kusimamishwa, nasi hatukumlazimisha. Siku moja nilimkuta amelining'iniza dumu yeye mwenyewe kwenye breketi, amekaa mbali anasoma huku akilichungulia. Asubuhi yake alisogeza mkeka hadi katikati ya sebule, siyo chini ya spika. Nikaona mtoto ameelewa somo kuliko sisi wakubwa.

Mama, nenda leo ukagonge ukuta wako. Nikutakie amani nyumbani mwako, mpaka tutakapoonana tena mwezi ujao.